Jembe Bila Kauli ni Shokoa

Hotuba kwa waumini na watetezi wa mageuzi, kwa niaba ya watu wanaojitolea kutunza chemichemi za Mto Nairobi

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, akina mama, vijana, na ndugu zetu nyote katika harakati za mageuzi,

Mmetualika tuzungumze juu ya kazi ya kujitolea katika kutunza mto, na tunajua wamo miongoni mwenu wanaojiuliza kimoyomoyo: habari za miche na matope zina uhusiano gani na mageuzi? Tulipigania vyama vingi, tukapigania katiba mpya, na leo tumeitwa kusikiliza habari za mianzi? Swali hilo ni halali, na hotuba yetu yote ni jibu lake. Kwa ufupi tunasema hivi: mto ni mali ya umma, na jinsi mali ya umma inavyotunzwa ndiyo inayofichua ni nani anayetawala na ni nani anayetawaliwa. Mahali ambapo mwananchi hupewa jembe akanyimwa kauli, hapo mageuzi hayajafika, hata kama karatasi ya kura ina majina ya vyama ishirini.

MTO WENYEWE

Na tuanze kwa kuutazama mto. Mto Nairobi huanzia Ondiri, kinamasi kilicho karibu na mji wa Kikuyu katika Kaunti ya Kiambu. Jina lake latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Kutoka Ondiri mto hupita mashambani, ukaingia jijini, ukapita karibu na uwanja wa Kamukunji, ukafuata njia yake hadi Dandora penye jaa kubwa la taka. Njiani hupokea Mto Mathare, na pia Mto Ngong ambao umekwisha kupita Bwawa la Nairobi karibu na Kibera na kukata maeneo ya viwanda. Baadaye maji hayo yote huingia Mto Athi. Athi hupita nchi ya Wakamba, ukaitwa Galana unapovuka mbuga ya Tsavo, ukaitwa Sabaki unapokaribia pwani, na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kaskazini ya mji wa Malindi. Mvuvi wa Malindi anapoona bahari imegeuka rangi ya udongo wakati wa masika, anatazama mashamba ya bara yaliyochukuliwa na maji.

Tunaposema chemichemi, basi, hatusemi jicho la maji peke yake. Twasema nchi yote ambayo tone la mvua likiangukia humo huishia katika mto huo: mlima na bonde, shamba na barabara, paa la kanisa na uwanja wa shule. Kinamasi kama Ondiri hufanya kazi ya sifongo. Hunyonya maji ya mvua wakati wa neema na kuyaachilia polepole wakati wa kiangazi. Ukikikausha ili upande mboga, ukizungusha pampu kukinyonya usiku na mchana, ukikipandia mikaratusi yenye kiu isiyoisha, mambo mawili hutokea kwa pamoja: kiangazi mto hukauka, na masika mto hufurika, kwa kuwa hakuna tena kilichosalia cha kuyashika maji. Mafuriko na ukame ni watoto wa mama mmoja.

Kazi ya watu wa kujitolea ni kuirudishia nchi uwezo wake wa kuyashika maji. Twakusanya mbegu na kulea vitalu vya miche ya asili. Twapanda mianzi na nyasi za nepia kwenye kingo zilizobomoka. Twazungushia chemchemi uzio ili ng'ombe wanyweshwe kando, wala wasiingie ndani. Twashauriana na mwenye shamba juu ya kung'oa mikaratusi iliyo majini na kuihamishia mlimani. Twachimba mitaro ya kukinga udongo. Twafuata mabomba ya maji taka yanayofunguliwa mtoni wakati wa giza, na twaandika tarehe na mahali. Aidha, mara kwa mara twaingia majini kuzoa taka, ingawa twajua fika kwamba kuzoa taka bila kumwuliza anayezitupa ni sawa na kufuta maji sakafuni huku bomba li wazi.

Kazi hii haina mshahara, na hatulalamiki. Lakini yako mambo matatu ambayo hatuwezi kuyanyamazia, na ndiyo yaliyotuleta mbele yenu.

HISTORIA YA JEMBE

Jambo la kwanza ni hili. Katika nchi yetu, kazi ya kuhifadhi udongo na maji imewahi kutumiwa kama kongwa.

Wazee wetu wanakumbuka yaliyotokea Murang'a. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iliamuru mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo ichimbwe milimani, na kazi hiyo ikawaangukia zaidi akina mama, chini ya usimamizi wa machifu. Mwaka 1947 na 1948 akina mama hao walikataa, na uasi wao ukawa mojawapo ya ishara za mapema kwamba utawala wa mkoloni ungetikisika. Tujiulize: je, mitaro ile ilikuwa mibaya? La hasha! Udongo ulikuwa ukienda kweli, na mtaro huuzuia kweli. Hata leo tunachimba mitaro kama ile ile. Kilichokataliwa ni shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, iliyopangwa na mtu asiyelima, juu ya shamba la mtu asiyeulizwa, huku ardhi iliyo bora ikiwa mikononi mwa walowezi. Akina mama wa Murang'a hawakuuchukia udongo wao. Waliichukia amri.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 bendera ilibadilika, lakini Sheria ya Mamlaka ya Machifu ilibaki, pamoja na uwezo wa chifu wa kuwatoa watu kwenda kazini. Haikupunguzwa makali hadi mageuzi ya mwaka 1997 yaliyokubaliwa na wabunge wa vyama mbalimbali. Kwa zaidi ya miaka thelathini ya uhuru, mwananchi aliendelea kujua kazi ya pamoja kama kitu kinachoamriwa na baraza la chifu. Hata harambee, neno zuri lililozaliwa na umoja, ilifika mahali ikawa mchango wa lazima kwa maskini na jukwaa la majivuno kwa tajiri.

Ndiyo sababu vuguvugu la Ukanda wa Kijani lina nafasi ya pekee katika historia yetu. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake walitembea hadi Kamukunji wakapanda miti saba. Kutokana na mwanzo huo mdogo vikaota vikundi vya akina mama vijijini, waliofundishwa kulea miche na kulipwa kitu kidogo kwa kila mche uliopona. Hakuna chifu aliyewatuma. Na kwa kuwa hawakutumwa, walianza kuuliza maswali. Mwenye kupanda mti hutaka kujua ardhi ni ya nani. Akijua ni ya umma, hutaka kujua mbona imezungushiwa ua.

Si ajabu basi kwamba watu wa miche na watu wa mageuzi walikutana njiani. Mwaka 1989 chama kilichotawala peke yake kilikusudia kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, na sauti iliyopinga ikatoka kwa watu wa miti. Tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, wananchi waliitwa Kamukunji, uwanja ule ule wa miti saba, kudai vyama vingi. Wakakaribishwa kwa vitoa machozi na risasi. Desemba 1991 kifungu cha 2A kiliondolewa katika katiba ya zamani. Mwaka 1992 mama za wafungwa wa kisiasa walifunga na kuomba katika pembe ya bustani ya Uhuru. Walipopigwa na kutawanywa, Kanisa Kuu la Watakatifu Wote liliwafungulia mlango, na humo wakakaa karibu mwaka mzima. Na tarehe 8 Januari 1999, Wangari na wenzake walipokwenda kupanda mti katika msitu wa Karura, uliokuwa umegawiwa wanyakuzi kwa siri, walishambuliwa na walinzi wa kukodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Leo Karura ni msitu, na watoto hukimbia humo. Ungekuwa mtaa wa majumba ya kifahari kama watu wachache hawangekubali kupigwa kwa ajili yake.

Tunayataja haya ili ijulikane kwamba kujitolea si utumwa wa bure. Kujitolea ni tendo la mtu huru. Anayejitolea ndiye mwenye mali. Na mwenye mali huuliza hesabu.

SHERIA IMETUPA NINI?

Jambo la pili ni la sheria, na tunaomba vijana walisikilize vizuri, maana ujinga wa sheria ndio mtaji wa mnyakuzi.

Kabla sheria haijatunga neno lolote, wananchi walikuwa wamekwisha kutangulia. Katika bonde la juu la Ewaso Ng'iro, upande wa Nanyuki na Timau, wakulima wa juu na wafugaji wa chini waliogombea maji walianza katika miaka ya 1990 kuunda vyama vya watumiaji maji, wakikubaliana nani afungue mfereji lini na nani asubiri. Sheria ya Maji ya 2002 ikaviweka vyama kama hivyo katika maandishi, na Sheria ya Maji ya 2016 ikavithibitisha: watumiaji wa maji katika bonde dogo la mto wanaweza kuunda chama cha kushirikiana katika kusimamia maji na kutatua migogoro yao.

Juu ya sheria hizo ipo Katiba ya 2010. Ibara ya 42 yampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 43 yataja haki ya maji safi na salama ya kutosha. Ibara ya 62 yaiweka mito yote na maeneo ya chemichemi katika ardhi ya umma. Ibara ya 69 yaidai serikali iwashirikishe wananchi katika kusimamia mazingira, na yamdai kila mtu ashirikiane katika kuyahifadhi. Nayo Ibara ya 70 yamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuutetea mto bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye binafsi ameumia. Zamani mahakama iliweza kumwuliza mtetezi wa bustani: wewe umepoteza nini? Leo swali hilo halina nguvu tena. Mto ukiumia, sote tumeumia, na mmoja wetu atosha kusimama.

Lakini sikilizeni. Sheria inasema chama chaweza kuundwa. Haisemi kwamba kauli yake itafuatwa. Kibali cha kuchota maji hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kibali cha jengo hutolewa na kaunti. Hatimiliki hutolewa na ofisi ya ardhi. Sisi wa kitalu hupewa nini? Hupewa miche siku ya sherehe, fulana yenye picha, na nafasi ya kupiga makofi mgeni wa heshima anapopanda mti mmoja uliokwisha chimbiwa shimo. Mwaka 2024 na 2025 vijana wa mitaa ya Nairobi waliajiriwa katika mpango wa serikali wa kusafisha mto, na twafurahi kwamba walipata riziki. Lakini kijana anayelipwa kwa siku kuzoa taka hakuulizwa ni kiwanda gani kifungwe bomba lake. Huyo naye amepewa jembe bila kauli, ijapokuwa jembe lake lina ujira.

Na hapa hatuna budi kujitazama wenyewe pia, maana udikteta hauishi ikulu peke yake. Ziko kamati za mto katika nchi hii ambazo mwenyekiti wake ni mmoja tangu zizaliwe. Kina mama hupanda, wanaume hutia sahihi. Mwenye pampu kubwa huketi mbele, na mwenye ndoo huketi nyuma. Uchaguzi hufanywa kwa kuinua mikono mbele ya mwenye shamba ambaye nusu ya wapiga kura ni vibarua wake. Tuliupinga mlolongo wa mwaka 1988, pale mtu alipolazimishwa kupanga foleni nyuma ya mgombea huku mwajiri na chifu wakimtazama. Je, tutaukubali mlolongo ukingoni mwa mto?

MITA NGAPI, NA ZA NANI?

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalotunyima usingizi.

Kati ya Machi na Mei 2024 mvua kubwa ilinyesha. Nchini kote watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Mathare na Mukuru maji yaliingia majumbani usiku. Serikali ikaamuru wote walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na baada ya amri hiyo yakaja matingatinga. Watu ambao maji yaliwachukulia magodoro walichukuliwa mabati na serikali yao.

Sasa tuseme ukweli wote, wala si nusu. Ni kweli kwamba mtu hapaswi kulala mahali mto unapopanuka. Sisi tunaotunza mto tunalijua hilo kuliko wengi, na kila mwaka tunawaonya majirani. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilisema ardhi ya ukingo isipungue mita 6 wala isizidi mita 30 kwa kadiri ya upana wa mto. Kanuni hiyo ina sababu yake: ukingo ni uwanja wa mto wa kupumulia. Mwenye kuusonga mto huandaa msiba.

Lakini ni nani aliyeusonga? Mnyonge aliyejenga kibanda cha mabati alisukumwa pale na uhaba wa ardhi, na mara nyingi alimlipa mtu aliyejidai mwenyewe. Juu yake, katika mitaa ya wenye nacho, yako majengo ya mawe yaliyoegemea mto huo huo, yenye hatimiliki, vibali na mihuri. Mwaka 2004 ripoti ya Tume ya Ndung'u ilieleza jinsi ardhi za umma, misitu na maeneo oevu yakiwemo, zilivyogawanywa kinyume cha sheria kama zawadi za kisiasa. Hatimiliki hizo zilizaliwa katika enzi ya chama kimoja na miaka iliyofuata, na nyingi zingali zinalindwa kama vitu vitakatifu. Tingatinga huona mabati upesi kuliko mawe.

Kwa sababu hiyo baadhi ya majirani zetu wametuuliza swali ambalo tunawaletea bila kulipunguza uzito. Wanasema: ninyi mnaokuja na kamba na vigingi mkipima ukingo, je, mnatusaidia, au mnamchorea tingatinga ramani? Na je, mkishapanda mianzi pale nilipokuwa nalima sukuma wiki, watoto wangu watakula mianzi?

Ndugu, hili si swali la kujibiwa kwa hotuba tamu. Likijibiwa vibaya, kazi yote ya kutunza mto itakuwa mkono wa kushoto wa mnyakuzi: maskini ataondolewa kwa jina la mazingira, na miaka mitano baadaye mahali pake patasimama jengo la ghorofa. Hayo yakitokea, mjukuu wa mama wa Murang'a atang'oa miche yetu usiku, na hatutakuwa na la kumwambia.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, aliwakemea kondoo wanono ambao hawakutosheka kunywa maji safi, bali waliyavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, hata kondoo dhaifu wakanywa tope. Tazameni jinsi neno hilo linavyougusa mto wetu. Nabii hakuwalaumu walioko chini kwa kunywa maji machafu. Hakuwaambia wahame. Aliwauliza walioko juu kuhusu miguu yao.

TUNALOOMBA LITENDEKE

Tumeona si vyema kuwaachia malalamiko matupu. Haya ndiyo tunayopendekeza, na kila moja laweza kuanza bila kungojea mwaka wa uchaguzi.

Kwanza, kamba iwe moja. Ukingo wa mto upimwe kuanzia chanzo hadi mwisho, kwa kipimo kimoja, mbele ya wananchi, na orodha ya wote waliomo ndani ya ukingo isomwe hadharani: hoteli, kiwanda, kasri, shamba la maua, kibanda, hata shule ya serikali. Mwenye kuvuta faida kubwa atangulie kuondoka. Asiye na pa kwenda asivunjiwe kabla ya kuonyeshwa pa kwenda.

Pili, vibali visomwe. Ibara ya 35 ya katiba yatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kila chama cha watumiaji maji kiombe kwa maandishi orodha ya waliopewa vibali vya kuchota maji na kumwaga maji taka katika bonde lake, kisha orodha hiyo ibandikwe mahali pa wazi. Penye nuru, mwizi hufanya kazi kwa shida.

Tatu, kamati zichaguliwe kwa kura ya siri, kwa muda maalum, na hesabu isomwe kila mwaka. Kanuni ya theluthi mbili juu ya jinsia ihesabiwe pia kwa wanaotia sahihi kwenye benki, wala si kwa wanaopika chai ya mkutano pekee.

Nne, anayeachia ukingo apate badala yake. Mama anayelima mitaani hawezi kula kivuli. Pawepo nyasi za kukata na kuuza kwa wenye ng'ombe, mianzi ya kuvuna kwa zamu, mizinga ya nyuki, na miche ya matunda kwa shamba lililo juu ya ukingo. Na haya yaandikwe katika mkataba, yasiachwe kuwa ahadi ya mdomo.

Tano, na hili ni lenu hasa, wapendwa waumini. Kanisa lipime kiwanja chake kwanza. Baadhi ya majengo ya ibada yamesimama katika ardhi ya ukingo, na baadhi ya viwanja vilitolewa zawadi na watu waliojua wazi kwamba havikuwa vyao. Ahabu alitwaa shamba la Nabothi. Je, ingekuwaje kama angelitoa sehemu yake kwa harambee ya hekalu? Mchungaji ambaye kigingi cha ukingo kimesimama ndani ya ua wake, naye akakiacha kisimame, atakuwa amehubiri mahubiri ambayo hakuna mwanasiasa atakayeweza kuyajibu. Kanisa lililowafungulia mlango mama za wafungwa mwaka 1992 lilipata sauti kwa sababu lilikubali gharama. Sauti hiyo haihifadhiki ghalani. Hutumika, au huoza.

MTO HAUNA KABILA

Kuna neno la mwisho kuhusu umoja wetu. Katika miaka ya 1990 tuligawanywa. Tuliambiwa kwamba vyama vingi ni vita vya makabila, na wako waliohakikisha kwamba unabii huo unatimia, katika Bonde la Ufa na pwani, kwa moto na mishale. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tuliona tena mavuno ya mbegu hiyo. Wanasiasa wetu wamezoea kuigawa nchi kwa mipaka ya lugha.

Lakini maji hufuata mkondo, na mkondo haujui mipaka hiyo. Mkikuyu wa Ondiri, Mluo na Mluhya wa Mathare, Mkamba wa kando ya Athi na Mgiriama wa Sabaki wamefungwa kwa kamba moja ya maji. Nairobi yenyewe hunywa sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, milima ile ile ambako akina mama waliitwa kwa amri kuchimba mitaro. Kila mkazi wa jiji anayefungua mfereji yuko katika deni la mkulima ambaye huenda hatamwona kamwe. Bonde la mto ni jimbo ambalo halikuchorwa na mwanasiasa, na wakazi wake wana sababu ya kukutana hata kama viongozi wao hawasalimiani. Tumeketi katika mikutano ambapo mtu wa juu na mtu wa chini walianza kwa kutukanana na wakamaliza kwa kupangiana zamu za maji. Walijifunza pale kitu ambacho kampeni haziwafundishi: kwamba mpinzani wako atakuwa jirani yako kesho asubuhi pia.

Ndiyo maana twasema kamati ya mto, ikiwa huru, ni shule ya demokrasia. Humo mtu hujifunza kusoma hesabu, kuuliza bila woga, kushindwa kura bila kuchoma nyumba, na kuondoka kitini muda unapokwisha. Nchi iliyo na shule nyingi za namna hiyo haiwezi kurudishwa kwa urahisi chini ya mtu mmoja. Na nchi isiyo nazo itapiga kura kila miaka mitano na kuamka kila mara imebadilisha majina tu.

Haba na haba hujaza kibaba. Jumamosi ijayo, kama Jumamosi zilizotangulia, tutakuwa ukingoni na majembe yetu. Yeyote kati yenu anakaribishwa, na aje na mabuti, maana pana tope. Lakini tunawasihi mje na kalamu vilevile. Jembe litaushika udongo usiende na maji. Kalamu itaushika mto usiende na wanyakuzi. Vyote viwili vikiwa katika mkono mmoja, mkono wa mwananchi, hapo tutaweza kusema bila kudanganya kwamba mageuzi yamefika hata kwenye kijito.

Mungu awabariki, na aibariki nchi yetu.